Eti Mama Yako Hana Mtoto wa Kupanda Naye Ndege

Nyumba ile ile,
Nyuma ya uwanja wa ndege.
Jumatatu, tarehe 6, asubuhi.

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mzee wako ambaye bado hajafa, ingawa wiki iliyopita walijaribu kuniua kwa hasira. Hujambo? Mkeo hajambo? Wajukuu zangu hawajambo, na yule mdogo ameacha kula sabuni? Baridi ya huko imekuachia masikio, au tukuandalie mengine?

Sisi huku ni wazima. Mgongo wangu unauma ukijisikia, goti la mama yako linauma likinusa mvua, na presha yangu ilikuwa nzuri kabisa mpaka Alhamisi iliyopita. Kwa nini Alhamisi, utajua sasa hivi. Weka kikombe chini kwanza.

Mwandiko wangu unaujua. Mimi na mwalimu wa darasa la nne tulichokana, tukaachana kwa amani. Lakini leo ukikuta neno limepinda, usidhani sijui kuliandika. Ni ghadhabu inayoisukuma kalamu.

Sasa sikia. Hapa uwanjani yanaandaliwa maonyesho ya ndege, Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Si ya wakubwa wenye suti, ni ya sisi majirani, kila mtu aje na familia yake. Kutakuwa na ndege za kupinduka angani kama mtoto anayekataa kuvishwa nguo. Kuna mtu ataruka na parachuti, tena akiwa na akili zake timamu. Zimamoto watawamwagia watoto maji, kazi ambayo mimi ningeifanya bure kila wanapopita kupiga kelele kibandani kwangu. Kuna hema la watoto waliopotea, kuna pamba za masikio kwa vichanga, hata pa kunyonyeshea pametengwa. Wamefikiria kila kitu isipokuwa adabu.

Na mimi ni mjumbe wa kamati. Acha kucheka. Walitaka mzee mmoja, wakaona wamchukue kinyozi wao, maana kinyozi hagombani na wateja. Hapo ndipo walipojidanganya.

Katika mipango yote hiyo kulikuwa na wazo moja zuri, tena zuri kweli. Wazee wa mtaa huu, ambao kila ndege ikitua tunashika vikombe visianguke, wapandishwe kindege kidogo wazungushwe juu ya mji. Shukrani kwa kuvumilia kelele maisha yetu yote. Mimi nilisema sipandi, hata ngazi ya kupakia rangi inanipa kizunguzungu. Lakini mama yako, mwanangu! Mama yako alipolisikia hilo aliacha sufuria motoni, na siku hiyo tulikula harufu ya moshi.

Unakumbuka alivyokuwa akifua vitambaa vya viti vya ndege, beseni moja baada ya jingine, wewe ukiwa mgongoni kwake umelala unamtiririshia udenda. Amefua matapishi ya abiria wa kila aina. Anajua walioogopa na walioogopa zaidi. Lakini kukalia kiti kimoja kikiwa hewani, hajawahi. Basi akatoa gauni lake la bluu, akalitia lastiki kwenye mikono upepo usimvue nguo mbele za watu. Akamfuata rubani, binti mmoja mwenye sauti ya mwalimu wa michezo, akamuuliza kama dirisha linafunguka.

"Halifunguki, Mama," rubani akamwambia, "ila nitaiinamisha ndege upande wako uone vizuri. Unataka kuona nini?"

"Kamba yangu ya nguo. Nimeitazama kutoka chini mpaka shingo imepinda. Nataka niione kutoka huko."

Rubani hakucheka. Alimwambia wataitafuta hiyo kamba mpaka waipate.

Basi watu wa bima wakataka kila mzee apande na mtu mzima wa kumshika mkono. Hilo sina ugomvi nalo. Ila mwenyekiti wetu hakuridhika. Huyu tunamwita Bwana Utaratibu, kwa sababu hata chafya yake lazima ipitishwe na kikao. Akasema watu wa kubahatisha watajipachika kwa wazee wapate kupanda ndege bure, kwa hiyo huyo wa kumshika mzee awe mtoto wake. Kamati ikapiga makofi. Na mimi nikapiga, mjinga mkubwa, maana nilijua tuna mtoto.

Alhamisi tukakutana na wazee wenyewe pale chumba cha kusubiria abiria, kwenye vile viti vya plastiki vinavyokubana mapaja. Kila mzee akasimama na kusema atapanda na nani. Fundi cherehani akasema binti yake. Mzee mwashi akasema kitinda mimba wake, yule mwenye mbavu pana kama nyumba. Mama yako akasimama, amevaa gauni lile lile la bluu, akasema, "Mimi nitapanda na mwanangu. Yuko mbali, tutamwandikia aje."

Bwana Utaratibu akavua miwani. "Mama, unamsema yule mtoto wa marehemu mdogo wako?"

"Ni mwanangu."

"Sawa, Mama, tunaelewa mlivyomlea. Lakini hapa tunazungumzia mtoto wa kuzaa. Wewe kwa utaratibu huna mtoto. Tuendelee."

Mwanangu, nimeishi miaka mingi na nimesikia matusi ya kila saizi. Sijawahi kusikia tusi limevaa tai namna ile. Mbele ya watu! Mbele ya wanawake aliowasaidia kujifungua! Huna mtoto, tuendelee!

Mama yako hakuondoka. Alikaa, akaweka pochi yake mapajani, akasikiliza mpaka ajenda ya vyoo ikaisha. Wengine wangetoka wakilia. Yeye alisikiliza vyoo vitawekwa wapi, vingapi vya wanawake, ufunguo atakuwa nao nani. Kisha akaaga vizuri, akaenda nyumbani peke yake.

Mimi ndiye nilisimama. Niliwaambia yote. Kwamba mdogo wake alifariki hujaota hata jino, Mungu amrehemu. Kwamba yeye ndiye aliyekutafunia chakula, aliyekukanda, aliyekesha na tetekuwanga yako akikufunga mikono kwa soksi usijikune. Kwamba mwenye kuzaa, mama mdogo na mama mkubwa, kwa watu waliolelewa, wote ni mama, na asiyejua hivyo akaulize kwao. Na niliwaambia pia kwamba ulikojoa kitandani mpaka darasa la tatu, na hakuna godoro ambalo hakulianika kwa mikono yake. Naomba radhi kwa hilo la mwisho. Najua una cheo sasa. Lakini nilihitaji ushahidi.

Watu wakacheka, wakaanza kuja upande wetu. Nilikuwa nawashinda, naapa. Hapo Bwana Utaratibu akaniuliza swali moja, kwa upole kabisa: "Mzee wangu, huyo mtoto wenu, mara ya mwisho kuja kumwona mama yake ni lini?"

Mwanangu, nilianza kuhesabu miaka kwa vidole, nikavirudisha mfukoni.

"Ana kazi," nikasema mwishowe.

"Sote tuna kazi, Mzee," akasema mtu wa nyuma, na hata sikugeuka kumtazama. Mara ya mwisho ulikuja kwenye msiba wa babu yako, ukakaa siku mbili, moja yake ukalala. Ningesema hivyo mbele ya kikao? Nilikaa chini. Mimi, niliyewahi kumnyamazisha mkwe wangu, nilikaa chini.

Lakini sikulala nalo. Jumamosi, Bwana Utaratibu akaja kibandani kunyolewa, maana alikuwa anapigwa picha ya bango la maonyesho. Akajituliza kitini kama hakuna lililotokea. Nikamfunga shuka shingoni, nikamnyoa upande wa kulia, safi, nzi angetua angeteleza. Kisha nikafuta mashine, nikakunja taulo, nikakaa kwenye benchi na wateja.

"Mzee, bado huku."

"Naona."

"Sasa?"

"Huko akunyoe ndugu yako wa kuzaa. Mimi na wewe hatuna undugu, kwa utaratibu siruhusiwi."

"Mzee, acha utani, mpiga picha yuko getini."

"Mwambie akupige kwa upande. Upande wa kulia umependeza sana, unafanana na bwana harusi."

Wateja walicheka mpaka mmoja akatoka nje kushika ukuta. Mwenyekiti akatisha, akabembeleza, akajitazama kwenye kioo, akabembeleza tena. Mwishowe akasema, "Haya. Kiti cha Mama kibaki. Lakini huyo mtoto aje mwenyewe, asimame hapa kwa miguu yake siku ya maonyesho. Asipotokea, nafasi inakwenda kwa mwingine, na wewe hufungui mdomo wako tena kwenye kikao changu."

Nikakubali. Nikamalizia kichwa, tena kwa ustadi, maana kichwa chenyewe hakina kosa, kosa ni la kilichomo.

Nilirudi nyumbani natembea kama mshindi wa uchaguzi. Unajua mama yako alisema nini? Nilimkuta anang'oa ile lastiki kwenye gauni, uzi mmoja mmoja kwa ncha ya sindano. Akaniuliza, "Nani alikutuma ukamnyoe mtu nusu?" Kisha akasema, bila kuinua macho, "Usimwandikie. Mwache asisumbuke. Ana watoto, ana mambo yake."

Asisumbuke!

Hilo ndilo limenipandisha presha kuliko ya Bwana Utaratibu na kamati yake yote. Yule aliposema maneno yake, nilijua wa kumnyoa. Huyu anayekutetea nimfanye nini? Amefedheheshwa mbele ya mtaa mzima kwa sababu yako, na bado amesimama mlangoni kukulinda usisumbuke! Wewe ulipokuwa na joto usiku kucha, nani alimwambia yeye asisumbuke? Ulipogoma kwenda shule mpaka akakubeba, mtu mzito vile, mbele ya wenzako, nani alimwambia aache, ana mambo yake?

Wewe huniambia kila mara, mwakani, Baba. Mwakani ni mtu gani huyu asiyefika? Nina hamu ya kumwona kabla sijafukiwa.

Kwa hiyo nakwambia wazi, na huku ndiko kuandika kwa mtu asiyejua kuzunguka. Ile Jumamosi uwe hapa. Omba ruhusa, ugua, dai umefiwa na mimi, nitajificha. Njoo usimame mbele ya chumba cha kusubiria na tumbo lako hilo la ofisini, ukiulizwa wewe ni nani utaje mama yako kwa sauti, watu wa nyuma wasikie. Kisha umshike mkono mpande. Ndege ikiinama upande wake, usitazame simu.

Na ikiwa huji, usiniandikie mimi. Mimi sitaki sababu, sababu ninazo za kutosha, nimezitumia zote kwa niaba yako. Mwandikie yeye mwenyewe, kwa mkono wako, umwambie kwamba mwenyekiti alisema kweli. Nitamsomea, maana miwani yake imevunjika mkono. Tuone kama kalamu yako itakubali.

Basi nisikuchoshe. Msalimie sana mkwe wetu, mwambie zile picha za wajukuu tumezipata na mkubwa amechukua pua yangu, pole yake. Shangazi yako wa ng'ambo ya reli anakusalimu, bado mbea, bado mzima. Fundi cherehani anakusalimu na anasema ile suruali uliyoacha kwake ameshaivaa. Rubani pia anakusalimu ingawa hamjuani, anauliza uzito wako, na useme kweli.

Salamu za mama yako sikuletei. Nimemuuliza sasa hivi niziandike vipi, amesimama hapa nyuma yangu anajifanya anafagia. Amekataa kunipa. Anasema za kwake atakupa mwenyewe.

Mungu akufungulie njia, ailainishe roho ya bosi wako, na akufikishe hapa mzima.

Ni mimi ninayekupenda hata nikiwa nimefura,
Baba yako Mkubwa,
Kinyozi.