Ngazi za Mkwe Wangu Hazina pa Kushika

Songea, Jumamosi asubuhi. Mvua inanyesha tangu alfajiri, na mimi nimekasirika tangu Alhamisi.

Leo umeonekana, msomaji wangu. Miezi yote hii hukupita hapa hata kuuliza kama bibi yako anakula. Nimeandika habari za shamba, kimya. Habari za goti langu, kimya. Sasa kaa usome. Darasani sikukaa hata siku moja, herufi nilizipata ukubwani, na kitinda mimba wangu Bene ndiye anayezihamishia kwenye blogu. Nimemkataza kupunguza makali.

Niko Mjimwema kwa mwanangu Oliva. Ana mimba ya miezi saba, nimekuja kumsaidia kazi mpaka ajifungue. Mumewe, Faustini, ni mtu mwema. Tangu biashara ziachiwe huru ananunua mahindi vijijini na kuyauza mjini, Mungu akambariki, akajenga ghorofa. Sakafu vigae, ngazi vigae, vinang'aa mpaka unayaona meno yako.

Ngazi kumi na nne. Upande mmoja ukuta, upande mwingine hewa. Hakuna pa kushika.

Siku ya kwanza nilimwuliza Oliva, hii mbona haijaisha? Akasema reli zimeagizwa Dar, za chuma chenye maua. Fundi alitaka kuweka za mti kwa muda, Faustini akakataa, eti wageni wataona ghorofa limewekewa fito za zizi. Kisha Oliva akaniambia, "Mama, usiogope. Nyumba hii ina watu, utashikwa mkono."

Nikanyamaza. Kosa langu ndilo hilo, naliandika hapa lisomwe. Nilinyamaza kwa sababu niko kwa mkwe, na mama mkwe hapazi sauti kwa mkwewe. Wiki mbili nikawa nashuka huku napapasa ukuta kama mtu anayetafuta swichi ya taa.

Alhamisi Oliva alikuwa amepiga deki. Mimi nashuka, Faustini anapanda. Mnajua desturi ya kwetu: mkwe hamgusi mama mkwe, wala hawapishani bega kwa bega. Aliponiona akafanya alivyofundishwa na wazazi wake, akaugeukia ukuta ili anipishe. Ukuta ule ule niliokuwa naushika. Nami kwa adabu ile ile nikauachia, nikasogea upande wa hewa.

Mguu ukateleza.

Faustini alinyoosha mikono. Niliiona. Kisha akairudisha.

Kwa hilo simlaumu sana, malezi hayavuliwi kama koti. Aliyenidaka ni Oliva. Alikuwa chini anakamua tambara, akapanda mbio, akanikinga kwa mgongo wake na kunirudisha upande wa ndani, ubavu wake ukagonga ukuta. Mimi sina hata mchubuko. Yeye jioni ile tumbo likaanza kuuma.

Amelazwa. Daktari amesema mtoto anacheza, ila mama asinyanyuke mpaka maumivu yaishe kabisa. Jana nilimwekea kiganja tumboni, nikapigwa teke moja dogo, nikalia mbele ya wodi nzima bila aibu.

Kikongwe nimebebwa na mjamzito, kisa maua ya chuma.

Niliporudi nikamsimamisha Faustini uani. Akainamisha macho kama kawaida yake. Nikamwambia, "Baba, heshima yako naiona. Lakini umenipa heshima, hukunipa pa kushika, na mwanangu ndiye aliyeumia."

Akajibu kwa sauti ya chini kwamba aliogopa watu wangecheka.

"Watacheka," nikamwambia. "Na mimi nitacheka nao, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu."

Leo fundi amekuja na mvua yake, amebeba mikaratusi iliyopigwa randa. Anaweka pande zote mbili, maana penye mkwe na mama mkwe kila mmoja lazima awe na upande wake. Chini anapitisha mti mwingine, kimo cha mtoto anayeanza kutembea. Faustini mwenyewe anasugua msasa, vumbi mpaka kwenye kope.

Kipande kilichokwisha nimekipitishia kiganja juu hadi chini, nikarudia. Mwenye beseni la nguo kiunoni anabaki na mkono mmoja, huo sasa una kazi. Umeme ukikatika, na hapa unakatika, kiganja kitakuonyesha ngazi zinapoishia. Jambo lenyewe ni mti na misumari. Mbona lilingojea mwanangu alazwe?

Hasira haijanitoka. Mpaka mjukuu wangu azaliwe salama, asitokee mtu wa kuniambia nitulie.

Na wewe, ukija, khanga na sukari baki navyo. Pita kwanza hospitali umjulie hali Oliva. Ukiambiwa ameruhusiwa, njoo nyumbani, utamkuta amelala juu. Toa mkono mfukoni, shika mti, ndipo upande.