Nilisema Kweli Mlangoni, Dada Akaachwa na Ndege

Kamenu, Thika
Jumatano, 4 Novemba 1998

Kwa Shangazi Njambi wa ukurasa wa ushauri,

Shikamoo. Mimi ni msichana wa kidato cha pili, jina langu ni Sumeya, na naahidi kwamba katika barua hii nitakueleza kila kitu bila kuficha, hata zile sehemu ambazo mwenye makosa ni mimi, ingawa bado sijajua ni sehemu zipi, na ndiyo sababu naomba msaada wako badala ya kumaliza hesabu zilizo mbele yangu.

Nina dada mmoja tu, Mwanarusi, ambaye amenizidi miaka tisa na ndiye aliyenilea tangu mama yetu alipofariki, na mwaka huu alipata nafasi ya kwenda kusomea uuguzi Uingereza kwa miaka mitatu, jambo ambalo Baba alilitangaza kila mahali, hata kwa mabawabu wa kiwanda cha nguo anakofanya kazi, mpaka wakawa wanamsalimu, “Habari ya Ulaya, Mzee Hassan?” Ndege ilikuwa ya saa nne asubuhi, Jumamosi tarehe 24 Oktoba. Nawe unajua kwetu mtu hasafiri peke yake, kwa hiyo tuliondoka alfajiri watu kumi na tisa katika pikapu ya Mzee Bedan ya kubebea mananasi, tukapitia Ruiru kumchukua shangazi yetu Ikhlas, naye alikuwa ndiyo kwanza anabandika chai, akasema hawezi kupitiwa na wageni mlangoni kwake wasinywe chochote, basi tukashuka wote tukanywa, na Mzee Bedan akanywa vikombe vitatu.

Tulipofika uwanja wa ndege tulikuta foleni kama ile ya kupiga kura mwaka jana. Tangu mlipuko wa Agosti kwenye ubalozi wa Marekani mtu haingii mle hivihivi, bali kuna meza nje ya mlango, na abiria anafungua mzigo wake hapo na kuulizwa maswali, na sisi wasindikizaji mwisho wetu ni hapo mezani. Tulisimama muda mrefu sana, Baba akisema nchi imeharibika, Mzee Bedan akisema haijaharibika, ni watu wamekuwa wengi, na mimi nilikuwa nimeshika mpini mmoja wa begi na dada ameshika mwingine, na kusema kweli nilikuwa na furaha kwa sababu foleni ikiwa ndefu dada bado yuko.

Zamu yetu ilipofika askari aliuliza, “Dada, huu mzigo umepaki mwenyewe?”

Dada akasema ndiyo.

“Kuna mtu amekupatia kitu umbebee?”

Dada akasema, “Hapana.”

Nilidhani amesahau, kwa maana hakuwa amelala vizuri, na mwalimu wetu wa madrasa ametufundisha kusema kweli hata ikiwa chungu, kwa hiyo nilisema kwa sauti ya kujibu darasani, “Samahani afande, viko. Ni vifurushi kumi na viwili. Cha kwanza kimetoka kwa jirani yetu Syombua.”

Askari alinitazama, akamtazama dada, kisha akaniambia, “Haya, mwalimu, endelea.” Nikaendelea, Shangazi. Nilitaja vyote kwa mpangilio.

Basi begi lilifunguliwa likamwagwa mezani, unga wa wimbi, samli ya shangazi Ikhlas, mahindi makavu, nguo ya mtoto ambaye hatumjui, na watu wa nyuma wakaanza. Bwana mmoja mwenye koti alisema, “Huyu anasafiri ama anahama?” Mama mwingine akasema, “Hii ni airport ama ni kinu cha posho?” Dada alikuwa ameinamisha kichwa na kanga yake imemteremka na hakuipandisha.

Askari akashika kifurushi cha Syombua, kilichoshonwa kwa kitambaa pande zote. Akauliza, “Hii ni nini?”

Dada akasema, “Sijui.”

“Umebeba na hujui? Si ungeuliza?”

Syombua akapiga kelele kutoka nyuma yetu, “Aniulize nini? Kwani mimi ni mwizi? Ni ya ndugu yangu Nzau, anaendesha basi huko London! Na usikate, nimeshona nikiwa na miwani!”

Naye alikata kwa wembe. Ndani mlikuwa na unga mweusi. Askari alirudi hatua moja, kisha akajikaza, akasogeza pua polepole, akapiga chafya tano mfululizo, ya tano ikamtoa kofia. Mzee Bedan akasema, “Pole, afande, huo umekolea.” Hakuna aliyeruhusiwa kucheka, lakini wote walicheka isipokuwa dada.

Ikabidi mkubwa wa askari aitwe, naye alikuwa upande mwingine wa uwanja, tukangoja, na alipofika alichovya kidole, akatabasamu, akasema huu ni ugoro wa Ukambani na ni mzuri, akaufunga mwenyewe kwa adabu. Lakini dada alipokimbia ndani aliambiwa wamekwisha kufunga orodha ya abiria. Alirudi kwetu akitembea. Tulipofika Ruiru shangazi Ikhlas alishuka akauliza kama tutakunywa chai.

Sasa chuo kimekubali kumpokea mwisho Jumatatu tarehe 23, na amepata ndege Jumamosi tarehe 21, na hakuna nyingine. Dada amesema, “Safari hii Sumeya atabaki nyumbani.” Haniambii jambo jingine ila “lete chumvi.” Baba anasema lawama ni ya foleni, Syombua anasema lawama ni yangu, na juzi ameleta kifurushi kingine cha Nzau, amekishona mara mbili, na dada amekipokea na kumshukuru.

Shangazi, miaka mitatu ni mingi, na nikihesabu nitakuwa nimemaliza shule siku atakaporudi, na sitaki aondoke akinikumbuka kwa jambo lile. Nimemwandikia barua nne nikazichana. Ndani ya bahasha hii nimeweka nyingine yenye stempu na jina langu, naomba unijibu kwa posta inayorudi: je, nitamsindikizaje dada yangu mpaka mlangoni bila kusema uongo na bila kumchelewesha tena?

Mimi wako mtiifu,
Sumeya Hassan


SHANGAZI NJAMBI ANAJIBU

Marahaba, Sumeya. Stempu yako nimeitumia siku ileile. Hapa gazetini narudia kwa ajili ya nyumba nyingine zenye begi linalojaa vya watu, nami najua si chache.

Nianze na wewe kwa kuwa wewe ndiye uliyeniandikia. Askari alimuuliza nani? Hakukuuliza wewe. Kusema kweli ni wajibu wako siku unapoulizwa. Kurukia swali la mwenzako na kulijibu kwa orodha, cha kwanza mpaka cha kumi na viwili, huo si ukweli tu, mwanangu, hiyo ni hamu ya kupata alama. Ungeweza kumgusa dada mkono, ukamnong’oneza, “Dada, na vile vifurushi?” Angejirekebisha mwenyewe, na heshima yake ingebaki kwake.

Lakini sitakuambia ulikosea kwa kusema. Yule askari hakuuliza kwa kupenda maneno. Nairobi bado ina watu wanaouguza majeraha ya Agosti, na mtu anayekagua mizigo mwaka huu ana haki ya kuogopa unga mweusi ulioshonwa. Kusimama kwenye foleni kunachosha, hata mimi miguu yangu haipendi, ila afadhali foleni ndefu kuliko mlango usio na mtu. Baba yako amwache askari. Hesabu vikombe vya chai vya Ruiru, Sumeya, kisha uniambie ni nani aliyewachelewesha kwanza.

Sasa soma tena barua yako mwenyewe. Umeandika kwamba dada aliulizwa akasema, “Hapana,” halafu ukapita haraka ukasema alikuwa hajalala. Hakusahau. Anayesafiri hasahau vifurushi kumi na viwili vilivyomkalia juu ya nguo zake. Alitaka kupita, akasema uongo mdogo mbele ya mtoto aliyemlea, na mtoto yule akasema kweli kwa sauti. Unafikiri hasira yake ni ya ndege? Ndege nyingine imepatikana. Dada yako anaona haya, naye hajui aiweke wapi, ndiyo maana anaomba chumvi.

Na kwa nini alidanganya? Kwa sababu hakuweza kumwambia Syombua hapana. Hapa kwetu ukimuuliza mtu ndani ya kifurushi kuna nini umemwita mwizi, basi tunabeba tusichokijua mpaka ng’ambo kwa ajili ya adabu. Adabu hiyo ni ya zamani na ni nzuri ukienda Gatundu hapo jirani. Mbele ya meza ile haifai kitu. Na bado kifurushi cha pili kimepokelewa kwa asante! Mwanarusi, kama unasoma gazeti hili, na naomba usome, utakuwa muuguzi. Utawauliza watu wazima mambo mazito kuliko ugoro. Anza na jirani.

Sikiliza basi, Sumeya. Mdomo wako unahitajika Kamenu kabla ya kuhitajika uwanja wa ndege. Chukua kile kilichoshonwa mara mbili, nenda kwa Syombua mchana, msalimie vizuri, umwambie, “Mama, dada haruhusiwi kubeba asichokiona. Kifungue mwenyewe au ukitume kwa posta.” Atapiga kelele. Mwache apige. Wewe ni mtoto wa shule, huna jina la kuharibiwa, na kazi hiyo dada yako haiwezi.

Vyakula vingine vilivyobaki vipikwe Alhamisi, muwaite waliovitoa, mle nao. Unga wa wimbi unanoga zaidi ukinywewa uji na aliyeusaga kuliko ukisafiri. Kama kuna kitu kimoja au viwili ambavyo dada anavitaka kweli, avifungue, avione, aviweke juu kabisa ya begi, na akiulizwa aseme, “Ndiyo, nimepewa hivi, ni samli na nguo ya mtoto.” Jibu hilo halichukui muda. Begi alipange kwa mikono yake mwenyewe, lisiguswe na mtu mwingine, nawe pia umo.

Siku yenyewe wasindikizaji wawe wanne: Baba, wewe, dereva, na mmoja wa kuomba dua. Kumi na watano wengine waage Thika. Shangazi Ikhlas aje Kamenu Ijumaa, alale hapo, na chai yake ainywee hapo. Muwe mmeshafika kwenye foleni masaa matatu kabla ya ndege, na mkikuta ni ndefu msimtukane mtu, maana nanyi ni sehemu ya urefu wake.

Halafu barua ya tano usiiandike. Mwendee dada akiwa peke yake, useme, “Dada, nilikuaibisha mbele ya watu. Nisamehe kwa hilo.” Kwa hilo tu. Usiombe msamaha kwa kweli uliyoisema, na usimkumbushe uongo wake, hata kwa macho, najua mabinti wa madrasa mna macho. Ukishasema, nyamaza. Anaweza kukujibu, anaweza kukutuma maji. Leta maji. Usimwombe akuruhusu kwenda. Muulize umsaidie nini, ufanye.

Akikataa hata baada ya hayo, mpelekee Baba yako ukurasa huu. Mzee Hassan, nakuambia waziwazi: msichana huyu aende. Aliyelelewa na dada hawezi kuagana naye kwenye lango la nyumba kama muuza maziwa.

Mkifika mezani, shika mpini wako wa begi mpaka askari aseme basi, kisha uachie. Akiuliza kitu, anayejibu ni Mwanarusi. Ukitaka kulia, lia. Kwa hilo hakuna atakayekusimamisha upekuliwe.