Bunju Mheshimiwa

Jumatano, 6 Julai 2011

Naandika Kiswahili kwa sababu Bosi anasoma Kiingereza, na ni mtu wa kupekua.

Leo limefika sanduku la kioo hotelini, refu kama kitanda. Bosi, yaani Bwana Saturnino, anataka samaki wa bahari hapo mapokezi, Jumamosi nchi ikipata uhuru wageni wawaone. Nchi mpya, samaki wapya! Bahari iko wapi na Juba iko wapi — hakuna aliyeuliza. Samaki wenyewe wameletwa na Mowlid, dereva Msomali wa Kenya, kwa lori kutoka Mombasa, wakiwa kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa. Samaki-vipepeo saba wa njano, samaki-kangaja wanne. Na mmoja mnene, mdomo kama anataka kupiga mluzi, ambaye hakuagizwa na mtu. Mowlid anasema huyo ni bunju, aliingia mfukoni kwa makosa.

Kazi ya kuwatunza nimepewa mimi, mwosha shuka. Kwa nini? Kwa sababu, asema Bosi, watu wa Uganda wanajua samaki. Mimi ni wa Malaba mpakani, hatuna ziwa! Samaki ninayemjua anatoka kwenye mafuta ya moto.

Jumamosi, 9 Julai 2011

Uhuru! Mji mzima unaimba. Hata Swaka mpishi, ambaye hacheki bure, amecheza na sufuria kichwani. Nimelia kidogo, na nchi si yangu.

Ila kwenye kioo — msiba. Mowlid alisema maji lazima yawe ya chumvi. Basi Bosi akajaza maji ya Nile, Swaka akatia chumvi ya jikoni, akawa anaonja kwa kijiko mpaka akaridhika. Mchuzi mzuri kabisa! Wageni wanaingia saa nne, samaki kumi na mmoja wanaelea tumbo juu. Bosi akawaambia wamelala, wamechoka na safari. Bwana mmoja aliyevaa tai akashusha sauti ili asiwaamshe.

Aliyebaki ni yule bunju. Mgeni akisogea karibu, anavimba mpaka anakuwa mpira. Nimempa jina Mheshimiwa. Mapokezi yetu leo yalikuwa na wengi wa aina hiyo.

Jioni Bosi kaniita. "Wewe Josline, hii samaki ikikufa, na kazi yako imekufa." Nikasema ndiyo Bosi. Nyumbani mama na wadogo zangu wanne wanakula kwa kazi hii. Kwa hiyo wanakula kwa roho ya bunju.

Jumatatu, 14 Novemba 2011

Mowlid ameleta madumu sita ya bahari yenyewe. Sasa kila safari analeta, chini ya mifuko ya saruji. Nimeonja, ndicho kipimo changu. Nadhani Juba nzima ni mimi peke yangu ninayekunywa bahari kabla ya chai.

Asubuhi nilienda karibu na bandari ya mto kuokota konokono. Mheshimiwa ana meno manne yasiyokoma kukua, asipovunja vigamba yatamfunga mdomo. Wanawake wa mtoni wananicheka: huyu Mganda ana njaa gani? Nikifika tu na bakuli, Mheshimiwa ananijua. Anakuja juu ananitemea maji usoni. Huo ndio mshahara wangu mwingine.

Swaka kauliza atanenepa lini. Mowlid akaweka kikombe chini.

"Huyo haliwi, ndugu yangu. Sumu yake haitoki kwa moto. Pwani watu wameinuliwa mezani wakiwa maiti."

Swaka amemwangalia Mheshimiwa upya, kwa adabu.

Ijumaa, 8 Machi 2013

Siku ya Wanawake. Bosi ametununulia soda moja moja na hotuba ndefu.

Mowlid hakuwa na mizaha leo. Shemeji yake ni mpiga mbizi huko kusini ya Mombasa, ndiye aliyewakamata samaki wetu. Anasema matumbawe yamekuwa meupe kama mifupa, maji yamezidi joto. Vipepeo waliokuwa wakipita makundi makundi, sasa anazama asubuhi nzima apate wawili. Na wengine kazi hiyo wanaifanya kwa dawa: wanaipuliza kwenye mawe, samaki analewa, jiwe linakufa. Katika kila kumi, anayefika kwenye kioo ni mmoja.

Nikauliza, na wewe unabeba tu?

"Dada Josline, mimi nabeba kila kitu. Watoto hawali huruma."

Nimeona aibu. Karibu miaka miwili nampelekea konokono kama mgeni wa heshima, kumbe ni mfungwa, na mimi ndiye askari jela. Mbaya zaidi, akitoka mimi sina kazi. Nimemwongezea konokono watatu. Najua haisaidii.

Jumatatu, 16 Desemba 2013

Risasi tangu jana usiku, wanajeshi wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Niko chini ya meza ya mapokezi. Jenereta imezimwa, sauti yake inaita watu. Pampu kimya. Nikipata nafasi natoa mkono, nachota maji kwa kikombe, nayamwaga tena juu ili apate hewa. Swaka anasema nimepata kichaa. Halafu nikichoka anachukua kikombe.

Naogopa kufa hapa, mbali na mama. Sijawahi kuliandika jambo kama hilo. Basi, nimeliandika.

Jumatano, 18 Desemba 2013

Bosi ameondoka kwa ndege. Katuachia funguo na salamu. Kwa hiyo sasa Mheshimiwa akifa hakuna wa kunifukuza — na mkono wangu bado unachota maji!

Swaka haendi popote, mama yake yuko hapa na hawezi kutembea. Ameshauri tumwachie Mheshimiwa mtoni, maji ni maji. Tumeshaonja hayo maji ni maji!

Mowlid amepita. Anaondoka Ijumaa kupitia mpaka wa Nimule, nafasi yangu ipo. Nikamwambia naja, ila utamrudisha baharini, si kwenye kioo kingine. Akainama, akamtazama Mheshimiwa kwenye kioo.

"Nitamrudisha. Kwa mkono wangu."

Ijumaa, 20 Desemba 2013

Naandika juu ya lori. Watu kama thelathini, magodoro, mbuzi mmoja. Mheshimiwa yuko kwenye ndoo katikati ya miguu yangu, dumu moja la bahari nimelikalia. Swaka kanipa chapati za njiani, akageuka haraka nisimwone uso.

Kizuizi. Tumesimama kwa muda wa saa mbili. Askari wanapanda kila lori, wanafungua kila ndoo. Wanatafuta bunduki, lakini wamekaa siku tano bila posho ya chakula, na chakula wakikiona wanakichukua. Lori la mbele wamechukua unga na jogoo.

Sasa nifanyeje! Askari akiona samaki atamtaka, leo leo atamkaanga. Nikinyamaza, nimemuua mtu. Nikisema ana sumu — mwanamke wa nje, vita vinapigwa, kwenye ndoo yake kuna sumu! Nani atanisikiliza mpaka mwisho? Watashusha watu wote hawa.

Mowlid katoa kichwa dirishani. "Dada, mmwage. Mmwage sasa, kabla hawajafika."

Hajakosea. Nimeinamisha ndoo mara mbili, mara mbili nimeirudisha.

Askari amepanda. Ni mmoja tu, mrefu, midomo imekauka. Yuko kwa mama aliye jirani yangu, amefungua sufuria yake. Amechukua mihogo miwili, mitatu kamwachia. Amemshukuru, "shukran, mama," na kumpa pole ya safari.

Laiti angekuwa mkorofi, ningenyamaza.