Kaktasi ya Pili

Jumatatu, 14 Oktoba
Nimeiua! Kaktasi ya Krismasi ya mama mkwe, ile ichanuayo Desemba, aliyoipanda marehemu mzee wake kwa mkono wake. Alipokwenda kumuuguza dada yake aliniambia mara mbili: maji kidogo tu, mwanangu. Mimi nikaiona imenywea, nikamwaga maji. Ikazidi kunywea, nikazidi kumwaga. Leo nimeshika shina, nikabaki nalo mkononi. Mizizi uji mtupu.

Jumatano, 16 Oktoba
Muuza maua anayo nyingine, ukubwa uleule. Nimeihamishia kwenye chungu cha mzee, kile chenye ufa. Ya mzee ilitoa maua mekundu — hii je? Muuzaji hakumbuki, ila nyingi huwa nyekundu. Ili ichanue, kasema, ipate giza saa kumi na nne kila siku, wiki sita, na maji kiduchu. Basi saa kumi na moja jioni naifungia kabatini, saa moja asubuhi naitoa.
Mume wangu hajagundua. Huyu hata ningebadilisha ukuta asingeona.

Jumapili, 3 Novemba
Bwana kafungua kabati kutafuta soksi, kaliacha wazi, taa inawaka! Nilimfokea mpaka akaduwaa. Eti nagombania mti? Nikamwambia soksi zako zinanuka. Ningesema nini?

Jumatano, 27 Novemba
Vitumba! Kumi na kimoja! Nimelia. Sasa haitoki dirishani. Ukiihamishahamisha, kasema muuza maua, inaviangusha vyote.
Mama kapiga simu. Atarudi tarehe kumi na saba. Anataka kuliona ua la mzee wake, hilo tu ndilo alilobaki nalo. Nikasema karibu mama.

Jumamosi, 14 Desemba
Ncha zimefunguka.
Nyeupe. Nyeupe pe!
Nimeshika kimoja ninyofoe, niseme vimeanguka. Vidole vikagoma.

Jumanne, 17 Desemba
Amefika. Maji nimemkaribisha, hakuyagusa — moja kwa moja dirishani. Miwani aliiweka mezani avue mtandio, na bila miwani kila kitu kwake ni ukungu, hata rangi hazitambui. Kapapasa ule ufa wa chungu. Kagusa ua, taratibu, kama anamfuta mtoto uso. "Umenitunzia mzee wangu," kasema. "Mungu akubariki, mwanangu."
Najiona mwizi.
Niko jikoni, naandika nimesimama. Anauliza nani kaona miwani yake, anadhani kaiacha mezani. Mume wangu anainua mito ya kochi.
Imo mfukoni mwa aproni yangu. Ananiita tena.