Magego Matatu ya Mama Neema

Jumatano, Julai. Ukungu umeshuka tangu asubuhi na nyumba ya jirani siioni. Ni ile baridi ya Karatu inayowafanya hata watalii wanaopanda kwenda kreta wajifunge blanketi. Nimekaa jikoni na kikombe cha chai ambacho kimeshapoa. Nina jambo la kusema na sina pa kulisemea ila hapa.

Leo nimemwambia mtu kwamba nilimng'oa meno matatu mazima.

Kwa anayepita hapa bila kunijua: mimi ni tabibu wa meno, si daktari kamili, katika hospitali moja hapa mjini. Watu wananiita Daktari, na kwa miaka kumi na mmoja sijamsahihisha hata mmoja. Hilo peke yake lingetosha kukueleza mimi ni mtu wa namna gani.

Siku zangu ngumu ni siku za mnada. Watu wanashuka kutoka Mbulumbulu, Daa na kwingineko kuuza mbuzi na kununua viatu, na mwenye jino linalouma hulileta siku hiyo hiyo. Hawaji kutibiwa, wanakuja kung'olewa. Ukimwambia mtu arudi wiki ijayo tulitazame vizuri, anakuangalia kama umemtukana. "Ng'oa bwana, gari letu linarudi saa nane." Basi nang'oa. Nina mkono mwepesi na sifa zake zimefika mbali. Sifa ni tamu, tusidanganyane.

Mama Neema alikuja mara ya kwanza siku kama hiyo, mwaka jana. Ni mkulima wa ngano na maharage huko Mbulumbulu, mama wa watoto wanne, mumewe mtu mpole. Alisema gego la chini linamuuma usiku na mchana. Nilitazama, sikuona tundu. Niligonga, hakushtuka. Mashine ya picha ilikuwa mbovu. Meno ya watu wa huku yana rangi ya kahawia kwa sababu ya maji tunayokunywa, kwa hiyo rangi haikuniambia kitu. Nikajisemea ubovu utakuwa ndani. Nikang'oa.

Mnada uliofuata alirudi. Maumivu yamehamia gego la jirani. Nikang'oa na hilo.

Akarudi tena.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeshtuka hapo. Mimi nilichofikiria ni foleni iliyokuwa nje. Chuoni tulifundishwa kwamba sonona haikai moyoni tu, inaweza kumuuma mtu kichwa, mgongo, hata jino lisilo na kasoro. Mtihani wa somo lile niliufaulu vizuri, nikadhani yamekwisha. Na dalili zilikuwa wazi. Gauni lilikuwa linamning'inia. Meno yake, ambayo mara ya kwanza yalikuwa safi, yalikuwa na utando wa siku nyingi. Nikimuuliza swali alichelewa kujibu, halafu alijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka kuwepo. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kuliko anavyoukaribia hata mumewe mbele za watu, na mimi niliona mdomo tu.

Gego la tatu lilipotoka nililiinua kwenye taa. Mizizi miwili, mizima, misafi. Nilijua wakati ule ule.

Watu wetu wanapenda kuonyeshwa jino lao, wamwone adui. Wengine wanaondoka nalo. Mama Neema alinyoosha mkono akaniomba alione. Nililifunga kwenye pamba, nikalitupa kwenye ndoo, nikamwambia, "Lilikuwa limeoza kwa ndani, mama. Sasa utapona."

Nimeliandika. Sasa siwezi kulifuta.

Aliyemwokoa siku ile ni Sista Veronika, muuguzi tunayefanya naye kazi. Alimkuta kwenye benchi anasubiri damu ikate, akamuuliza tu kama huwa anapata usingizi. Mama Neema akalia kilio cha mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa. Hakuwa amefiwa wala kuachwa, na mazao yalikuwa mazuri. Hata yeye hakujua analia nini. Sista alimshika mkono akampeleka chumba cha mwisho cha korido, kliniki ya afya ya akili, akaanzishiwa vidonge. Mimi nilikuwa naita anayefuata.

Leo wamekuja wote wawili, mke na mume, na mfuko wa maharage mapya. Sikumtambua mara moja. Amenenepa, amesuka nywele, anacheka. Ila akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, na mimi ndiye niliyemfundisha kuziba.

"Daktari, tumekuletea mboga," alisema. "Lile jino la mwisho ndilo lililokuwa na ugonjwa wote. Ulipolitoa tu, wiki chache nikaanza kulala."

Baba Neema akadakia, "Mkono wako una baraka, Dokta. Ndiyo maana nimemwambia vile vidonge sasa basi. Vinamkausha mdomo mpaka anaamka ulimi umegandia juu, anashinda anamung'unya pipi. Na pale korido watu wanamwona amekaa na wale wagonjwa wa akili, wanaongea. Kama dawa ilikuwa jino, vidonge vya nini?"

Ameacha siku nne sasa. Kilichowaleta kwangu ni jino la mbele lililoanza kutoboka. Si ajabu. Vile vidonge vinapunguza mate, na kinywa kisicho na mate, kikiongezewa pipi kutwa, meno hayachukui muda kuoza.

Nilisimama na kioo changu mkononi. Ningeweza kuziba tundu lile, nipokee maharage, nishukuriwe. Ningeweza kumtuma Sista Veronika akawaambie waendelee na dawa bila kusema kwa nini. Nakiri mawazo hayo yote nilikuwa nayo. Lakini uongo wangu ndio uliokuwa unamwachisha dawa. Akiuamini atarudi kule alikotoka, na safari hii huenda asifike tena hata kwangu.

Nikasema. "Mama Neema, yale meno hayakuwa mabovu."

"Lipi?"

"Yote matatu. Nilikosea, na lile la mwisho nilijua, nikakudanganya. Ulikuwa unaumwa sonona. Kilichokuponya ni vidonge."

Baba Neema alisimama. Alimwambia mkewe kitu kwa Kiiraqw, haraka, akidhani sielewi kwa sababu kazini huwa naongea Kiswahili tu. Mama yangu ni Mwiraqw wa Daa. Alisema, twende, huyu alikuwa anatuchinja kama mbuzi.

Mama Neema hakusimama. Niliona shavu lake likitembea, ulimi unapita kwenye mapengo, moja, la pili, la tatu.

"Kwa hiyo ni vidonge?" aliuliza.

"Ni vidonge. Ukavu wa kinywa una namna ya kutibiwa, watakubadilishia dawa au watakuelekeza. Lakini usiache mwenyewe."

Kisha akasema, "Basi nipeleke. Usimtume Sista. Wewe."

Tukatembea ile korido. Mumewe alibaki nyuma, halafu nikasikia viatu vyake vinatufuata. Nilikaa na Mama Neema benchi moja kwa saa nzima, katikati ya wale watu, na nusu ya mji ilipita ikanisalimia, "Daktari, na wewe?" Nikajibu ndiyo, na mimi nipo. Alipotoka kliniki alikuwa na pakiti ya vidonge vingine kwenye mkoba na tarehe ya kurudi.

Nikamwambia turudi chumbani kwangu nimzibie lile jino la mbele. Tundu bado dogo, kazi ya nusu saa.

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. "Hapana, Daktari," alisema. "Dawa nitakunywa. Lakini mdomo wangu wewe hutaufungua tena."

Ana haki. Tabibu mwingine wa meno yuko mbali na kwao, na tundu halingoji. Kesho nitampigia Baba Neema nimwelekeze pa kwenda, kama atapokea simu yangu.