Damu Siku Kumi na Tisa, na Wakwe Wanakuja Jumapili

Mshauri mpendwa, jibu nalihitaji kabla ya Jumapili, mimi ni mama wa kabila la Waroma hapa pembeni mwa mji wa Craiova, shule niliishia darasa la nne lakini kulea najua, Rusalina wangu ana miaka kumi na minane na mtaa mzima hakuna anayekunja nyama kwenye kabichi kama yeye, shule nilimtoa akiwa na kumi na miwili asije akakaa na wavulana, na muuguzi Safta alipokuja kuwakusanya wasichana wasiosoma awafundishe mambo ya mwili nilimfukuza kwa kelele, nikamtambia mkwe mwenzangu mtarajiwa, Varvara, mama wa Petrache anayemchumbia, "Wangu hajui chochote, yuko kama nilivyomzaa!" naye akanibusu mashavu yote mawili.

Sasa kwetu nguo za chini ya kiuno huhesabiwa najisi, sketi hazifuliwi pamoja na blauzi, zina beseni lake, na beseni hilo nimeliona kavu siku tisa, kumbe mtoto anafulia mtoni kwa kujificha. Nikambana.

"Mama, usinipige. Damu ina siku kumi na tisa haikatiki. Nafikiri ni mimba inatoka."

"Mimba ya nani, we mtoto?"

"Petrache alinishika mkono kwenye ubatizo."

Mkono tu, mshauri! Nilicheka, nikalia papo hapo. Amepauka, akisimama anashika ukuta. Jumapili kina Varvara wanakuja kupanga harusi, na akionekana kliniki ya wanawake watasema ameharibika. Je, nisubiri harusi ipite? Nipe hata dawa ya nyumbani.

Wako, Zambila

Mama Rusalina, vaa koti. Usisubiri Jumapili, usisubiri hata kesho. Damu ya siku kumi na tisa na kizunguzungu juu yake haina dawa ya nyumbani, na asinyweshwe majani ya mtu yeyote. Mpeleke leo. Akizimia, ita gari la wagonjwa, majirani waone wapendavyo.

Najua umemlea kwa mapenzi, lakini lazima nikugombeze: hicho ulichomtambia Varvara ndicho kilichomfanya Rusalina ajifiche mtoni. Kushikwa mkono hakumpi mtu mimba. Tatizo ni nini, daktari atasema, na siri ya mgonjwa anatakiwa kuitunza. Rusalina aelezwe kila kipimo kabla hajaguswa, na kinachomtisha aruhusiwe kukikataa. Mwombe Safta radhi, muende naye. Anajua daktari mwanamke yuko wapi.

Varvara akiuliza, mwambie mtoto anaumwa, basi. Posa ikivunjika kwa sababu msichana katibiwa, heri ivunjike akiwa bado kwako. Akipona, akae kwenye masomo ya Safta. Na Petrache atafutiwe mwalimu pia, maana sidhani kama yeye anajua zaidi.

Lakini kabla hamjatoka mlangoni mshike uso, umwambie hajakosa lolote. Siku zote hizo amekuwa akiamini mimba inamtoka kwa sababu ya mkono wa mchumba wake, na wewe uko chumba cha pili.