Anayemlisha Anemoni wa Baba

Mtwara, 2 Septemba 2024

Mama, shikamoo. Presha inaendeleaje? Sisi wazima, wajukuu wanakusalimia.

Matumbawe ya tangi la Baba yasikusumbue. Ndani yao mna vimea vidogo vinavyoyapikia kwa mwanga, wewe washa taa ya tangi tu. Anemoni ndiye mlaji, lile ua lenye minyiri. Kila wiki anataka kipande cha kamba. Baba alikuwa anagonga kioo mara mbili, kisha anamwekea mdomoni. Kwa kuwa uko eda, mwagize Angelina wa chini akununulie soko la samaki Feri.

Eda ikiisha tutauza tangi, uje ukae nasi. Baba hayupo, na wewe peke yako Kariakoo naogopa.

Mwanao, Shadya

Kariakoo, 8 Septemba

Marahaba, mwanangu. Mie sijambo, kelele za wamachinga ndizo zinaniamsha.

Mwambie Angelina ahsante, ila apige hodi. Sijamwagiza bado, na asubuhi nimekuta anemoni katema ganda la kamba, limezungushiwa ute. Kiti cha baba yako nacho kimelowa.

Mama yako

Mtwara, 11 Septemba

Shikamoo Mama. Nimempigia Angelina, kumbe yuko Ifakara tangu mwezi uliopita. Ufunguo wa Baba ninao mimi, uko kabatini. Au unamlisha mwenyewe unasahau? Msiba unachosha akili. Tia komeo, tafadhali.

Mwanao

Kariakoo, 25 Septemba

Marahaba. Hamjambo huko?

Komeo natia, maganda yanaongezeka. Anemoni kahama jiwe lake, kajibandika kwenye kioo upande wa kile kiti. Jana nilikuwa kwenye mswala, nikasikia kioo kinagongwa mara mbili, kisha mtu anakaa na kuguna. Sikugeuka, niliogopa. Halafu nikalia, maana ule mguno naujua.

Mama yako

Mtwara, 27 Septemba

Mama, anemoni akihama ni njaa au mwanga, basi. Nimeshakata tiketi. Siku ya kutoka eda nakuja na mnunuzi, Marcelino. Usitie mkono kwenye hayo maji, nakuomba.

Mwanao

Kariakoo, 10 Oktoba

Mwanetu Shadya, hatujambo, hofu ni kwenu.

Huyo Marcelino mwache hukohuko. Watu wanasema kesho natoka eda, lakini eda ni ya aliyefiwa. Wewe lete kamba, wakubwa kidogo, usiwamenye. Ukifika gonga kioo mara mbili, utie mkono taratibu. Wangu umeshikwa, wala hauumi.

Wazazi wako